Waliozoea Maji Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Vikongwe wamekufa. Wote!

Nimefungua kabati asubuhi, harufu ikanipokea kabla macho hayajaona kitu. Umeme ulikatika Jumamosi, jenereta ikagoma, kiyoyozi kikazimika. Joto na unyevu vikapata nafasi yao. Kila chupa ina ukungu, nyuzi nyeupe zinaelea ndani ya supu ya kuwalisha. La kuvunda halina ubani. Nimezimwagia klorini chupa zote, kisha nikakaa sakafuni kama mfiwa.

Mtu mwingine angenicheka. Ni seli tu jamani. Seli za matamvua ya samaki, yale mashavu mekundu anayopumulia. Samaki mwenyewe alikufa kabla sijaajiriwa, lakini seli zake tumekuwa tukizilisha na kuzigawa, chupa hii hadi ile, miaka yote. Ndiyo maana nikaziita Vikongwe. Kila mwezi tunaziwekea maji ya mto, hayo hayo yanayoingia kwenye mabomba ya mji, halafu tunatia rangi ya bluu. Seli zikiwa hai, bluu inageuka waridi. Zikifa, inabaki bluu. Waridi maana yake watu waendelee kunywa. Na kwetu ni waridi siku zote, sijawahi kuona vingine.

Kipimo cha mwezi huu kinatakiwa kabla Machi haijaisha. Mkuu wa maabara alikuja, akatazama ndoo ya klorini, akasema nifufue wengine. Alisema kama anayeagiza chai. Kwenye tangi la naitrojeni kuna vichupa vya akiba alivyovigandisha marehemu Fundi, yeye aliyenifundisha kazi hii, wakati kiwanda cha juu ya mto bado hakijajengwa. Samaki yule yule. Dada zao Vikongwe, wamelala kwenye baridi tangu hapo.

Kesho nawaamsha.

Jumanne, 4 Machi

Kuamsha seli ni kazi ya mbio. Unatoa kichupa, moshi wa baridi unakuvaa hadi viwikoni, unakitia kwenye maji ya uvuguvugu na kukizungusha mpaka ibaki chembe ya barafu tu. Kisha haraka kwenye kabati la hewa safi, kwa sababu dawa inayowalinda kwenye baridi ikishayeyuka inawageukia. Sikuchelewa. Mwandiko wa Fundi bado unasomeka kwenye kichupa, herufi zimelala upande kama zimechoka. Mungu amrehemu.

Nimewapa supu yetu ya kawaida: unga wa chakula chao, maji tuliyokeneka wenyewe, mvuke uliorudishwa kuwa maji, kwenye mtambo wa pale dirishani, na seramu kidogo. Nimewaita Wageni. Sasa ni kungoja. Seli hai hujishika kwenye sakafu ya chupa na kujinyoosha. Iliyokufa inabaki mviringo, inaelea.

Mama Pacha, mkemia wa chumba cha pili, alichungulia akauliza mbona naongea peke yangu. Nikamwambia nawakaribisha wageni. Akasema si neno, yeye siku ya kujifungua pacha wake aliongea na ukuta, na ukuta ulimsaidia kuliko mumewe.

Alhamisi, 6 Machi

Wanaelea. Wote. Kama punje za mtama kwenye ndoo.

Nimetikisa chupa, nimeomba, nimetukana. Hakuna hata mmoja aliyejishika. Mkuu kaja kuchungulia kwenye hadubini, kanyoosha mgongo, kaniuliza kama siku hizi nina mkono mbaya. Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwa mdogo wangu. Kule bondeni joto halina huruma mwezi huu. Ukuta wa chumba chao una mstari wa unyevu unaopanda kila mwaka, nao wamesogeza kitanda katikati ili wasilale wameugusa. Bomba liko uani, pipa la plastiki chini yake, na kikombe cha bati kinaning'inia kwa kamba. Yeye na tumbo lake walikuwa wamekaa pale pale, miguu ndani ya beseni, kikombe mkononi. Mwezi wa saba sasa. Hatujawahi kufika hapa. La kwanza lilitoka mapema, hatukujua hata ni mtoto gani. La pili tulishanunua nguo. Nguo zile niliziondoa mimi nyumbani kwake wakati bado yuko hospitali, ili akirudi asizione, na mpaka leo hajaniuliza nilizipeleka wapi.

Huyu anapiga teke! Nimeweka mkono nikasukumwa. Mdogo wangu akasema ana kichwa kigumu, karithi kwa mama mkubwa wake. Akachota tena kikombe akanywa mpaka mwisho. Shemeji akasema majirani wajawazito wanajikamua kununua maji ya chupa, yana nini cha maana? Mdogo wangu akajibu kwa maringo kwamba wale hawana dada maabara, yake yeye yamepimwa na damu yake. Anawaambia hivyo hata dukani.

Nilivimba kichwa. Basi tu, nilifurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Kichupa cha pili nilikiamsha Ijumaa. Leo wanaelea.

Nimeosha kabati lote upya. Nimebadili hata sabuni ya kunawia. Vichupa vinaisha na mto hauningoji.

Jumatano, 12 Machi

Kichupa cha tatu. Leo nimefanya uvivu, na nauandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kunisuta.

Niliwagawa Wageni kwenye chupa mbili, kumbe supu tuliyochuja inatosha chupa moja tu. Kuchuja nyingine ni kusimama mpaka mgongo useme, nami mgongo wangu ulishasema tangu asubuhi. Kwenye friji ya Mama Pacha kulikuwa na chupa moja ya supu ya dukani, iliyotiwa lakiri. Wakala mmoja wa mauzo aliiacha kama sampuli, tukaipuuza. Nikaimimina kwenye chupa ya pili. Supu mbili tofauti kwa kundi moja! Fundi angenipiga kofi la kisogoni.

Ijumaa, 14 Machi

Wako hai!

Wamejishika, wamejinyoosha, wamepangana kama vigae vya sakafu. Nilipiga kelele mpaka Mama Pacha akaja mbio akidhani nimemwagikiwa asidi.

Hao ni wale wa supu ya dukani. Ile chupa ya kwanza, yenye supu yetu — maiti watupu, mviringo, wanaelea.

Kichupa kimoja. Mkono mmoja. Kabati moja. Kwa hiyo mkono wangu hauna kosa, alhamdulillahi, na hiyo ndiyo furaha yangu ya kwanza tangu mwezi uanze. Lakini sasa supu yetu ina nini? Unga tulifungua juzi tu. Mama Pacha kanitazama, akaniuliza taratibu: na maji?

Nimepita duka la dawa jioni, nimenunua maji ya sindano, yale ya kwenye vichupa vya kioo vya kuvunja shingo. Muuzaji aliniuliza nani mgonjwa. Nikasema samaki.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Unga ule ule. Nusu nimeukoroga kwa maji ya sindano, nusu kwa maji yetu ya kukenekwa. Wageni waliopewa supu ya maji ya sindano wamestawi. Waliopewa supu ya maji yetu wamejikunja na kuachia sakafu, na wengine walikuwa wakijikunja huku nawatazama.

Ni maji. Maji yetu ya kukenekwa tunayatoa kwenye bomba. Bomba linatoka mtoni.

Nikamwambia Mama Pacha haiwezekani, mtambo unachemsha maji, unakamata mvuke, uchafu unabaki chini. Akasema chumvi inabaki, kutu inabaki, ila kuna vitu vinavyopanda na mvuke na kushuka nao, kama abiria asiyelipa nauli. Nikamuuliza mbona mashine yake ya kemia haijavikamata miaka yote. Hakukasirika. Alisema mashine yake inajibu inachoulizwa tu. Ina orodha ya sumu za kutafuta, na cha nje ya orodha kinapita mbele ya macho yake. Ndiyo maana tukawekewa seli, alisema, kwa sababu seli haihitaji kujua jina la kilichoiua.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kwetu ni waridi siku zote.

Kwa sababu Vikongwe waliishi ndani ya supu hiyo hiyo. Tumewalisha maji hayo tangu kiwanda kile cha juu kianze kumwaga taka zake mtoni, tone kwa tone. Walioshindwa walikufa kidogo kidogo, tukawamwaga pamoja na supu chafu bila hata kuwaona. Walioweza ndio waliozaana. Mazoea yana tabu. Mwisho tukabaki na chupa zilizojaa sugu watupu. Kila mwezi tunawapa maji ya mto na kuwauliza, haya vipi, yana sumu? Nao wanajibu: sumu gani? Waridi!

Kila mwezi. Na pembeni ya sahihi ya Mkuu, sahihi yangu.

Naogopa. Sijui niandike nini kingine.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia mdogo wangu asubuhi. Nimemwambia kuanzia leo achemshe maji ya kunywa, na achemshe sufuria ikiwa wazi. Akauliza kwani vipi. Nikasema homa za matumbo zimezagaa, wajawazito wanaambiwa wajihadhari. Uongo ulitoka mdomoni kama maji. Akasema sawa dada, ila makaa na joto hili, loo.

Nilimuuliza Mama Pacha kama kuchemsha kunasaidia. Alisema huenda kinatoka chote, huenda kinatoka nusu, huenda kuna kingine kisichotoka kabisa, na yeye hajui anazungumzia kitu gani. Nikamwambia sema ndiyo tu. Akarudi kwenye mashine yake.

Kwa nini sikumwambia ukweli? Nimejiuliza siku nzima. Si kazi ninayoihofia, kazi nitatafuta nyingine. Mdogo wangu si mjinga. Nikimwambia maji haya yana kitu, ataniuliza swali moja tu: wale wawili je?

Seli za samaki hazisemi habari za watoto wa watu. Huenda ni maji, huenda si maji. Ningekuwa na hakika, hata hakika mbaya, ningeweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Mkuu. Nilienda na chupa zenyewe nikamtegea hadubini. Alitazama muda mrefu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajikaza.

Mshindo haukuja. Laiti angenikaripia! Aliongea kwa upole. Alisema Wageni wamelala kwenye baridi miaka mingi, lazima ni dhaifu, wanaweza kufa kwa chochote. Alisema chupa chache si ushahidi. Alisema hizi ni seli za samaki, na mtu si samaki. Yote ya kweli, hilo ndilo linaloniudhi. Kisha akaniuliza: tukitangaza maji ni mabaya, kesho watu wa mji mzima watakunywa nini? Akainuka, akajaza gilasi kwenye bomba la ofisini kwake, akanywa yote mbele yangu. Akasema nyumbani kwake pia wanakunywa haya haya, na wajukuu zake.

Nilimwonea huruma, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Nilimwomba basi tusitoe kipimo mwezi huu. Akatikisa kichwa. Utaratibu ni kwamba pasipokuwa na kipimo kipya, kile cha mwisho kinabaki na nguvu. Tukikaa kimya, kimya chetu pia kinasema waridi.

Na ameshapata dawa ya tatizo, alisema. Mwaka juzi tuliwagawia wenzetu wa chuo fulani baadhi ya Vikongwe. Bado wanao. Watatutumia chupa.

Jumatatu, 24 Machi

Vikongwe wamerudi. Wamesafiri kwa basi kama vifurushi vya watu wengine, chupa imejazwa supu hadi shingoni ili isitikisike, sanduku limefungwa kwa utepe mwingi mno. Mhudumu wa stendi aliniuliza kama ni samaki wabichi, maana sanduku lina picha ya samaki. Nikasema ni wazee wake.

Nimewaweka chini ya hadubini na, Mungu anisamehe, nilifurahi! Wale wale. Wanene, wamebanana, wana ule mkunjo wao ninaoujua. Nimewabadilishia supu, nimewapa yetu, ya maji yetu, nikangoja kuona kama ugeni umewalegeza.

Hata hawakupepesa. Wamekula kama waliofika nyumbani.

Mdogo wangu amenitumia ujumbe kwamba makaa yameisha, leo wamekunywa hivyo hivyo, nisigombe. Nimempelekea shemeji makaa. Sikugomba.

Alhamisi, 27 Machi

Nimefanya ambalo sikuagizwa. Sahani moja yenye vishimo vidogo, nusu Vikongwe, nusu Wageni. Wote nimewapa maji yale yale: safu ya maji ya mto, safu ya maji ya bomba, safu ya maji ya sindano ya kulinganishia. Mama Pacha alisimama mlangoni, mikono kifuani, akasema atakuwa shahidi wangu wa harusi. Kisha rangi ya bluu kila kishimo, na kungoja.

Upande wa Vikongwe: waridi juu hadi chini. Mto waridi, bomba waridi, sindano waridi. Wapenzi wangu.

Upande wa Wageni: sindano waridi. Bomba zambarau, yaani nusu wamekufa, nusu wanajikokota. Mto bluu. Bluu tupu, kama nilivyoimimina.

Mama Pacha alikaa kwenye stuli. Akasema pacha wake wamekunywa bomba hili tangu waache kunyonya.

Ijumaa, 28 Machi

Mkuu ameiona sahani. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaiweka chini pole pole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezeeka ghafla. Kwa dakika nzima nilidhani tuko pamoja.

Kisha akauliza kipimo chetu kimesajiliwa kwa seli zipi. Nikasema Mkuu, unajua. Akasema basi. Kilichosajiliwa ni Vikongwe, na Vikongwe wamesema waridi. Wageni ni utafiti, na utafiti una njia yake: uandikwe, upelekwe, ujadiliwe, hata mwaka. Maabara haiwezi kuwa na ndimi mbili kwenye karatasi moja. Nikamwambia ulimi mmoja umekufa ganzi. Sauti yangu ilikuwa kubwa, mtu wa mapokezi alichungulia. Mkuu akaniambia nishushe sauti, akashusha yake zaidi, akasema: na vipimo vya miaka yote ile, tumeweka sahihi mimi na wewe, tutawaambia watu nini?

Ndilo swali langu mwenyewe. Kaliweka mezani kwangu kwa maneno yake.

Ripoti imeshachapwa. Sahihi yake ipo. Ya kwangu inangojewa Jumatatu asubuhi. Kalamu aliniachia pale pale, sikuigusa. Sikuichana karatasi pia. Nimeondoka tu, nimefunga mlango kama siku nyingine yoyote.

Mama Pacha kanisindikiza hadi getini. Kasema mficha uchi hazai. Nikamwambia nimeshajua, nimeshajua! Nimemfokea bure.

Jumamosi, 29 Machi

Shemeji alipiga simu alfajiri. Shemeji hapigi simu, hutuma ujumbe. Nikajua kabla sijapokea.

Mtoto hachezi tangu jana mchana. Mdogo wangu alingoja, akalala kwa ubavu, akala kitu kitamu, akangoja tena, akajipa moyo. Hakunipigia mimi. Aliona aibu kunisumbua kwa sababu kazini nina mambo mengi, ndivyo alivyosema shemeji.

Tumemfikisha hospitali. Mkunga mmoja alipitisha kifaa tumboni, mahali hapa, hapa, hapa, na sisi wote tunasikiliza kelele kama za redio isiyoshika. Nilishika ukingo wa kitanda. Halafu mapigo yakasikika. Yapo! Ya polepole, lakini yapo. Mdogo wangu alilia kwa sauti kama mtoto mdogo. Nami nililia.

Daktari anasema mtoto ni mdogo kuliko mwezi wake, na maji yanayomzunguka yamepungua sana. Mdogo wangu anabaki wodini, wamchunguze. Nilimuuliza sababu. Akasema sababu ni nyingi, na mara nyingi hazijulikani. Kisha akamwambia mdogo wangu apumzike, alalie ubavu wa kushoto, na anywe maji. Maji mengi, mama, kadiri unavyoweza.

Muuguzi alikuja na jagi, limejaa hadi juu.

Nilisimama pale nikamwona mdogo wangu anainua kikombe. Nikasema, ngoja kwanza, ya hospitali huenda hayajachemshwa. Muuguzi akanijibu kwa ukali kidogo kwamba maji ya mji huu yanapimwa kila mwezi. Mdogo wangu akacheka huku machozi hayajakauka, akasema kwa wodi nzima kwamba anayeyapima ndiye huyu hapa.

Akanywa.

Jumapili, 30 Machi

Sikulala. Maduka yalipofunguliwa tu nilinunua katoni mbili za maji ya chupa, yanayotoka mji wa mbali. Nilisoma kibandiko chote kwa makini, mpaka jina la chemchemi. Nimezibeba mwenyewe hadi ghorofani, mikono imechorwa mistari.

Wodi yao ina vitanda vinane, vyote vina watu. Wanawake wenye matumbo, matumbo ya kila ukubwa. Kila meza ya pembeni ina jagi. Sikuwa nimeyaona jana. Leo sikuona kingine. Kuna mmoja kitanda cha jirani, mwanamke mnene mchangamfu, alikuwa anakunywa huku anamsimulia mdogo wangu jinsi mumewe alivyojaribu kupika.

Nimeziweka katoni chini ya kitanda. Nimemwaga jagi la mdogo wangu kwenye sinki, nimefungua chupa, nimemjazia kikombe. Haraka haraka, bila kumtazama. Nikasema kunywa haya, mpaka utoke. Mapigo wamesikiliza asubuhi, ni yale yale, si mazuri si mabaya.

Hakukipokea kikombe. Alitazama chupa. Akatazama sinki. Akanitazama mimi, na niliona kabisa jinsi mambo yanavyojipanga kichwani mwake: kuchemsha, sufuria wazi, makaa niliyompelekea shemeji bila kuombwa. Si mjinga, nilishaandika humu.

Hakuuliza nilichokuwa nahofia. Aliuliza kwa sauti ndogo: dada, tangu lini?

Yule jirani alikuwa na kikombe mdomoni. Alikishusha. Aliangalia ndani yake.

Nikasema ngoja, nakwenda kutafuta kikombe safi. Kikombe safi! Nilikuwa nacho mkononi. Nimetoka. Nimekaa kwenye benchi la ukumbini, nimetoa daftari hili, nimeanza kuandika kwa sababu mtu anayeandika haongeleshwi.

Nimesikia kandambili. Ni yule jirani. Ametembea pole pole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika jagi lake, limebaki nusu. Amesema, samahani dada, mdogo wako analia na hataki kusema. Amesema yeye mimba hii ni ya nne, na hana hata mmoja nyumbani. Ameniuliza kama anaweza kuendelea kunywa haya.

Nimemwambia nisubiri kidogo, namalizia hapa.

Amesema haya. Hakukaa. Amesimama mbele yangu, naona vidole vya miguu yake vimevimba kwenye kandambili, naona jagi. Kiu anayo, anajilamba midomo. Mimi bado naandika. Sina tena cha kuandika na bado naandika, na yeye ananisubiri kwa heshima zote ili nimalize